Mwamba Ngoma na Mshika Maikrofoni

Wahenga wa pwani walikwisha kusema kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hiyo hutumiwa kuwasema wenye choyo, lakini kabla ya kuwa methali ilikuwa ni maelezo ya kazi: aliyeshika ngozi mbichi hana namna ya kuiwamba ila kuivuta upande wake, na ngoma itakayopatikana itabeba alama ya mkono huo mpaka siku itakapopasuka. Katika zama hizi ngoma huwambwa mara mbili. Mara ya kwanza huwambwa na fundi, na mara ya pili huwambwa na yule anayeweka maikrofoni mbele yake ili kuirekodi. Huyu wa pili naye huvutia kwake. Tofauti ni kwamba fundi anajua kuwa anavuta.

Lugoba ni mji mdogo ulioko kaskazini ya Chalinze, kando ya barabara kuu iendayo Segera. Ni nchi ya Wakwere, majirani wa Wazaramo, Wadoe na Wazigua, na kwa muda mrefu ngoma za watu hawa zimeingiliana kama yalivyoingiliana maneno yao. Mchana hupita malori, na machimbo ya kokoto yana kelele zake. Mji wa namna hii, kama ilivyo miji mingi ya Tanzania tangu kompyuta ziliposhuka bei, si mgeni wa studio ya chumbani: chumba kimoja, kompyuta, kisanduku cha kuunganisha waya, maikrofoni moja ya kuimbia, godoro lililoegemezwa ukutani na trei za mayai zilizogundishwa juu yake. Iwe Lugoba au iwe Makunduchi, chumba ni kile kile.

Kwa mwimbaji mmoja chumba hicho kinatosha. Matatizo huanza pale ngoma inapofika mlangoni. Sauti yake humeza chumba kizima, mshale wa kipimo hugonga mwisho, na kinachosikika baadaye ni mngurumo usiokuwa na umbo. Fundi wa studio, ambaye ana wateja wengine wanaosubiri, huchagua njia iliyo nyepesi: wapiga ngoma huambiwa warudi nyumbani, na mahali pao huwekwa mdundo wa kompyuta uliotengenezwa na mtu asiyewahi kusikia mwali akitolewa. Hakuna anayelaumiwa, kwa kuwa hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini jambo hilo likirudiwa katika vyumba mia moja kwa miaka ishirini, nchi nzima hujikuta ina nyimbo nyingi zilizorekodiwa na ngoma chache zilizosikika. Kwa sababu hiyo, swali la maikrofoni gani inunuliwe kwa fedha kidogo ni swali la kihakiki. Ni kuuliza nini katika ngoma kinastahili kubaki.

Jawabu lianze katika lugha yenyewe. Kwa Kiswahili, ngoma ni chombo cha mti na ngozi. Ni wimbo na mchezo unaochezwa kwa chombo hicho. Na ni shughuli nzima, pamoja na watu wake, usiku wake na sababu yake. Mtu akisema kuna ngoma leo kwa fulani, hakuna anayedhani kwamba kuna gogo limewekwa uani. Maikrofoni iliyosogezwa hadi kidole kimoja na ngozi inarekodi maana ya kwanza na kuzifukuza mbili zilizobaki. Vigelegele havimo, makofi hayamo, wala haimo ile nafasi baina ya vumi na chapuo ambamo mguu wa mchezaji hutua. Uzuri wa ngoma za pwani mara nyingi umo katika mazungumzo hayo: ngoma kubwa husema neno, ngoma ndogo hulikatiza, waimbaji hulijibu. Kumrekodi kila msemaji peke yake, kisha kuwaunganisha mezani, ni kama kumwandikia kila mtu barua mbali mbali na kudai kwamba hayo yalikuwa mazungumzo.

Hoja hii si ya leo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuja kuanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Afrika Kusini mwaka 1954, alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mengi, wakiwamo Wagogo na Wahaya. Njia yake inajulikana: aliishika maikrofoni kwa mkono wake na kuisogeza, mara kwa mwimbaji, mara kwa chombo, kama mpiga picha anavyosogeza kioo cha kamera. Anayezisikiliza leo kazi hizo hukuta kwamba umaskini wa vifaa haukuziumiza kama mtu angetarajia. Ngoma ziko mbali na karibu kama zilivyokuwa uwanjani, na hewa iliyo kati yao haikupotea. Hata hivyo Tracey naye alivutia kwake. Sahani za santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu na kidogo, na ngoma iliyozoea kukesha ililazimika kuanza na kumalizika ndani ya muda huo. Tena mizani ya sauti ilikuwa ni mizani ya sikio moja. Aliyekuwa mbali na mkono wa Tracey alikuwa mbali na historia.

Bagamoyo ina mfano wake. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefanya makao yake katika mji huo na kufundisha katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, na ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, aliacha santuri kadhaa kabla ya kufariki mwaka 2003. Kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa Chibite mwaka 1996, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatoa Assembly, ambayo Zawose aliifanya pamoja na Michael Brook, mwanamuziki wa Kanada. Katika ya kwanza, msikilizaji amekaa mbele ya mwenye ilimba, na chombo kina pumzi yake. Katika ya pili, ilimba na sauti vimeingizwa ndani ya magitaa na mitambo, na msikilizaji hajui tena amekaa wapi. Zote mbili ni kazi za mafundi, na ya pili ina raha zake. Lakini ni ya kwanza inayomfundisha kijana wa Lugoba jambo analoweza kulifuata kwa mfuko wake, kwa kuwa utajiri wake unatokana na mahali palipochaguliwa kusikilizia.

Kinyume cha funzo hilo ndicho kinachouzwa madukani. Maduka huuza seti za maikrofoni saba au nane ndani ya sanduku moja, zikiwa zimeandikwa kuwa ni za ngoma. Ngoma inayokusudiwa ni ile ya bendi: moja kubwa ya kupigwa kwa mguu, moja yenye nyuzi chini yake, tatu za kati, na matoazi. Mpangilio huo ulizaliwa Marekani, na ulishika njia pale kampuni ya Ludwig ilipotengeneza pedali yake ya mguu mwaka 1909. Maikrofoni kubwa ya seti hiyo imeundwa kwa ajili ya ngoma ya mguu: huinua mvumo wa chini, hupunguza sauti za kati, na huinua tena mgongo wa juu ili pigo la nyundo lisikike katikati ya magitaa. Iwekwe mbele ya vumi linalopigwa kwa mkono, nayo italisoma vumi kana kwamba ni ngoma ya mguu iliyokosewa. Sauti za kati, ambamo kiganja hutofautiana na ncha za vidole, ndizo itakazozitupa. Chombo hicho hakina kosa. Kimebeba tu picha ya ngoma nyingine.

Tena hata huko zilikozaliwa seti hizo, wingi haukuwa sheria. Glyn Johns, fundi wa sauti wa Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1960 alizirekodi ngoma za bendi ya Led Zeppelin kwa maikrofoni tatu au nne, mbili kati yake zikiwa zimewekwa kwa umbali ulio sawa kutoka ngoma ya katikati. Njia hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Kama ngoma iliyotikisa viwanja vya Ulaya na Marekani ilitoshelezwa na maikrofoni hizo chache, hakuna sababu ya mwenye studio ya chumbani kukopa ili anunue nane.

Basi achague nini? Maikrofoni za bei ya chini ziko za namna mbili. Ya kwanza ina utando uliofungwa kwenye waya uliozungushwa ndani ya sumaku. Sauti hutikisa utando, waya husogea, na umeme mdogo huzalika. Haihitaji umeme wa nje, haiogopi vumbi, wala haishtuki kwa kishindo. Iliyo mashuhuri kuliko zote katika namna hii ni Shure SM57, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, ambayo bei yake ng'ambo ni takriban dola 100, na ambayo nakala zake bandia zimeenea kiasi kwamba mnunuzi hana budi kuwa na macho. Ya pili ina utando mwembamba uliokaribiana na bamba lenye chaji, nayo huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku. Hii ina sikio jepesi: hunasa mkwaruzo wa kucha juu ya ngozi, hunasa pia kikohozi, bati linalopanuka kwa jua na lori lililoko nusu kilomita. Ile ya kwanza ni ya mtu asiyeamini mahali alipo, na hii ya pili ni ya mtu aliyekwisha kupachagua mahali pake.

Na mahali ndipo penye uzito wa neno hili. Katika joto la pwani sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Vumi lenye mitetemo 80 kwa sekunde lina wimbi lenye urefu unaozidi mita 4. Chumba cha mita 3 kwa 3 hakina nafasi ya kulipokea wimbi hilo kwa utulivu. Kuta zinazotazamana kwa umbali huo hukuza milio ya karibu mitetemo 58 na 117, na chumba kikiwa cha mraba, jozi zote mbili za kuta hukuza milio ile ile kwa pamoja. Ndiyo maana ngoma moja iliyo nzuri uwanjani huwa jitu lisilo na adabu chumbani. Trei za mayai hugusa kidogo tu sauti za juu. Godoro husaidia zile za kati na za juu, lakini mvumo wa chini hulipita kana kwamba halipo. Fedha zinazotumika kununua maikrofoni ya ghali kwa ajili ya chumba kama hicho zinanunua picha iliyo safi zaidi ya kosa lile lile.

Dawa haiuzwi dukani: ni kutoka nje. Chini ya mwembe hakuna ukuta wa kurudisha mawimbi. Kuna adui wengine, ambao ni upepo na barabara. Upepo wa kusi ukigonga utando huwa ngurumo, kwa hiyo maikrofoni hufunikwa sponji na kazi hufanywa alfajiri, kabla pepo hazijaamka. Malori ya Segera yana mvumo wa chini unaoshindana na vumi lenyewe, kwa hiyo uwanja hutafutwa nyuma ya nyumba, mbali na lami. Asubuhi hiyo hiyo ngozi zimelegea kwa umande. Lazima ziote moto wa majani makavu, na baada ya nyimbo mbili tatu zioteshwe tena. Fundi asiyejua hilo atadhani maikrofoni yake imeharibika, kumbe ni ngozi iliyopoa.

Hapo ndipo maikrofoni mbili zilizo sawa sawa, za namna ile ya pili, hutosha. Zikiwekwa pamoja kwa umbali wa sentimita 17, zikitazama pembeni kwa pembe ya digrii 110 kama walivyozoea mafundi wa redio ya Ufaransa, humpa msikilizaji masikio mawili ya mtu aliyesimama mahali pamoja. Kama fedha ni za maikrofoni moja tu, moja inatosha, kwa sharti kwamba watu ndio wapangwe. Katika uwanja wazi, umbali ukizidishwa mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6. Mwenye vumi atarudi hatua tatu, mwenye chapuo atasogea, waimbaji watasimama mbele, na mizani itapatikana bila ya mtambo. Wapigaji wa kidumbak wa Unguja hawatashangazwa na habari hiyo, kwani katika kundi lao sanduku, vidumbaki, mkwasa na fidla vina nguvu zisizolingana, na kukaa kwao ndiko kunakosaidia kuvilinganisha.

Anayeongeza maikrofoni bila ya hesabu hujipunguzia. Ikiwa moja iko sentimita 30 kutoka ngoma na nyingine iko sentimita 80, sauti hufika ya pili ikiwa imechelewa kidogo zaidi ya elfu moja ya sekunde. Zikichanganywa, milio ya karibu na mitetemo 350 kwa sekunde hukutana ikiwa kinyume na hudhoofishana, na ngoma hupoteza kifua chake. Mwenye studio akiona hivyo huongeza maikrofoni ya tatu. Na ngoma ivumayo sana, kama wasemavyo, haikawii kupasuka.

Mtu anaweza kuleta pingamizi, na pingamizi hilo ni zito. Muziki wa mchiriku, uliokulia viungani mwa Dar es Salaam kutokana na ngoma za Wazaramo, ulizipitisha ngoma na vinanda vidogo vya Casio ndani ya vipaza sauti vibovu, na mkwaruzo huo ukawa ndio ladha yake. Santuri ya Bongo Hotheads ya kundi la Jagwa Music, iliyotoka Ubelgiji mwaka 2012, iliwafanya wageni waupende mkwaruzo huo huo. Singeli iliyofuata imeondoa ngoma ya ngozi karibu kabisa na kuongeza mbio. Je, si unafiki kuwadai vijana usafi ambao muziki wao wenyewe umeukataa? La. Mkwaruzo wa mchiriku ulichaguliwa na watu waliokuwa uwanjani, wakicheza. Mngurumo wa chumba cha mita 3 haukuchaguliwa na mtu. Uhakiki hauna ugomvi na sauti chafu. Una ugomvi na sauti isiyokuwa na mwenyewe.

Limebaki jambo ambalo vitabu vya mafundi wa sauti hulipita kimya. Si kila ngoma ni ya kurekodiwa. Baina ya Wakwere na Wazaramo, kama ilivyo visiwani, ziko ngoma za kumfunda mwali, zenye wenyewe na zenye mlango wake. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, aliipandisha ngoma ya unyago jukwaani, akaupiga msondo mbele ya wanaume na wageni. Alikuwa na haki ya mtu aliyeifundisha ngoma hiyo kwa miaka mingi, na aliamua mwenyewe nini kionekane na nini kibaki ndani. Kijana mwenye kompyuta hana haki hiyo kwa sababu tu maikrofoni yake ina sikio jepesi. Ataomba, na akikataliwa atafunga waya zake. Hiyo nayo ni sehemu ya kuchagua maikrofoni: kujua ni wapi isiwashwe.

Hukumu basi si ngumu kuitamka. Kwa studio ya Lugoba yenye fedha kidogo, maikrofoni mbili zinazofanana, mguu wa kusimamishia, sponji mbili, waya mrefu wa kufika mwembeni na ruhusa ya wenye ngoma vina thamani kuliko sanduku lenye maikrofoni nane. Kipimo nacho kipo, na hakihitaji mtambo. Kilichorekodiwa kichezwe papo hapo, mbele ya waliopiga, kabla moto haujazimika. Mwenye vumi aulizwe kama amejisikia, na mwenye chapuo aulizwe kama amemsikia mwenye vumi. Kama wataanza kubishana juu ya nani alichelewa katika mwitikio wa pili, kazi imefaulu, kwa sababu mazungumzo yao yamo ndani. Wakisifu tu kwamba sauti ni kubwa, maikrofoni isogezwe, ngozi zioteshwe tena, na wimbo uanze upya.